Mwekezaji anauliza kama nina hataza (patent): nianzie wapi na mashine yangu ya kukaushia dagaa?

Washauri, salaam.

Niko Kibirizi, Kigoma. Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikihangaika na mashine ya kukaushia dagaa kwa joto la jua na feni za sola. Mvua zikianza huku, dagaa walioanikwa mchangani au kwenye vichanja wananyeshewa, wanaoza, na mama aliyenunua ndoo kumi alfajiri anaishia kuuza chakula cha kuku.

Toleo la kwanza lilikuwa kabati la bati lenye trei 12 za wavu na feni moja inayosukuma hewa ya moto kutoka chini kwenda juu. Agosti nililipeleka Nanenane Tabora, viwanja vya Ipuli. Watu walifungua milango, wakapiga picha. Video ya dakika tatu inayoonyesha ndani yote niliirusha mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la wabunifu lenye watu zaidi ya 200.

Baadaye niliona trei za chini zinakauka mpaka dagaa wanavunjika, za juu bado mbichi. Ndipo likaja toleo la pili: sensa mbili za unyevu, moja juu na moja chini, na kontrola inayogeuza mwelekeo wa feni tofauti ya vipimo hivyo viwili ikifika kiwango nilichoweka. Sasa trei zote zinakauka pamoja. Toleo hili sijalipeleka maonyesho yoyote, ila tangu Oktoba mashine mbili ziko kwa akina mama wawili wa hapa mwaloni kwa majaribio. Hatujaandikishana chochote.

Msimbo wa kontrola, pamoja na programu ya simu inayomwambia mama kwamba mzigo umekauka, uliandikwa na rafiki yangu niliyesoma naye. Nilimtumia laki nane kwa simu, kidogo kidogo. Mkataba hakuna. Siku hizi ameajiriwa na kampuni moja Dar es Salaam, na msimbo uko kwenye akaunti yake.

Amepatikana mwekezaji. Anatoa milioni 60 kwa asilimia 25. Aliniuliza kama nina hataza, nani anamiliki msimbo, na kama jina limesajiliwa. La mwisho nilimjibu ndiyo, kwa sababu "Dagaa Safi" nimelisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama jina la biashara. Pia rasimu yake ya mkataba inasema haki zote za uvumbuzi zihamie kwenye kampuni mpya atakayoifungua nje ya nchi.

Nina akiba ya milioni tatu. Niiweke kwenye hataza, au nitengeneze mashine nyingine? Je, nimeshachelewa? Na ile video, niifute?

Mwanzilishi, Kibirizi

Ndugu yetu wa Kibirizi,

Mwekezaji alipotaja hataza wewe ulisikia karatasi moja. Anachopima yeye ni kama kitu anachokitolea milioni 60 ni chako kweli, na kwa maelezo yako, mpaka leo sehemu yake kubwa bado haiko mikononi mwako. Kwa hiyo mashine tunaiweka kando kwanza, tunaanza na rafiki yako.

Programu ya kompyuta, iwe ya simu au ya kontrola, inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kama kazi ya maandishi. Haki inazaliwa pale pale mtu anapoandika, bila kusajili popote, na inazaliwa mikononi mwa aliyeandika. Rafiki yako hakuwa mwajiriwa wako. Zile laki nane zinathibitisha kwamba ulimlipa kwa kazi. Hazithibitishi kwamba alikuuzia haki. Kuitumia programu unaweza, lakini kumkabidhi mtu mwingine kitu usichokuwa na hati yake ni sawa na kuuza kiwanja ulichoonyeshwa kwa kidole.

Unachohitaji ni hati ya uhamisho wa haki. Ukurasa mmoja unatosha ukiandikwa sawasawa, na kiini chake kisomeke hivi: "Mimi fulani, mwenye namba ya NIDA fulani, ninahamisha kwa kampuni fulani haki zote za kiuchumi katika msimbo wa kontrola na programu ya simu, matoleo yote niliyoyaandika kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, kwa Tanzania na nchi nyingine zote, kwa malipo ya shilingi 800,000 niliyokwisha kupokea na nyongeza ya shilingi kadhaa." Liangalie neno "ninahamisha". Wengi huandika "nitahamisha" au "nakubali kuhamisha", na hapo wanakuwa wamepata ahadi tu. Mwenye haki akibadili mawazo, au akihamisha kwa mwingine kwanza, inabidi uende kudai. Tarehe nazo zina kazi: zinatenganisha alichokuandikia wewe na anachomwandikia mwajiri wake wa sasa. Mkisaini, msaini mbele ya wakili, kisha hati ilipiwe ushuru wa stempu TRA, kwa sababu hati isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe.

Mpe nyongeza ya kweli. Kama kazi yake ilikuwa kubwa, mpe hisa chache. Wapo wanaongoja mpaka fedha za mwekezaji ziingie ndipo wamtafute mwandishi wa msimbo. Siku hiyo atakuwa ameshasikia habari ya milioni 60, na bei yake itafuata habari hiyo, tena kwa haki. Zungumza naye wiki hii.

Kuanzia sasa asiguse msimbo wako kwa kompyuta ya mwajiri wake wala saa za kazi. Mikataba mingi ya ajira za teknolojia inasema chochote mfanyakazi anachobuni akiwa kazini ni cha mwajiri, na mwekezaji mwenye wakili makini atauliza. Siku mnayosaini, msimbo uhamie kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya kampuni, pamoja na akaunti ya duka la programu, seva, na jina la tovuti kama lipo. Hati ya uhamisho iliyosainiwa wakati neno la siri liko kichwani mwa mtu mmoja haikufikishi mbali.

Muulize pia ni maktaba zipi za msimbo huria, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine na kuachwa wazi vitumike, alizotumia, na kila moja ina leseni gani. Zenye leseni ya MIT au Apache 2.0 hazina shida: unatunza tangazo la hakimiliki na nakala ya leseni, unaendelea na biashara. Zenye GPL zinadai zaidi. Ukiuza mashine ambayo ndani ya kontrola yake kuna msimbo uliochanganywa na wa GPL, mnunuzi ana haki ya kupewa msimbo wote chanzo chini ya leseni hiyo hiyo. Kontrola nyingi ndogo zinazouzwa Kariakoo huandikiwa msimbo kwa programu ya Arduino, ambayo maktaba zake nyingi zina LGPL. Hiyo ni nafuu kuliko GPL lakini nayo ina masharti. Orodha ya jina la maktaba, toleo na leseni, ukurasa mmoja tu, iwe kwenye faili lako.

Lipo swali moja gumu ambalo nyinyi wawili tu mnaweza kulijibu. Nani alisema kwanza, "tupime tofauti ya unyevu wa juu na chini"? Kama ni wewe, naye akaligeuza wazo hilo kuwa msimbo, yeye ni mwandishi wa msimbo na wewe ndiye mvumbuzi. Kama wewe ulitaka feni igeuke kila baada ya nusu saa, naye ndiye akasema hapana, tufuate unyevu, basi ni mvumbuzi mwenzako, na jina lake lazima liwe kwenye maombi ya hataza. Kumficha mvumbuzi wa kweli kunaweza kuiangusha hataza nzima baadaye. Kumtaja hakumpi mgao moja kwa moja ikiwa amehamisha haki zake kwa kampuni, kwa hiyo kwenye ile hati ongeza sentensi inayohamisha haki za uvumbuzi pamoja na za msimbo.

Sasa mashine. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, chenye hatua ya kivumbuzi, yaani kisichokuwa dhahiri kwa fundi wa fani hiyo, na kinachoweza kutumika katika uzalishaji. Upya unapimwa duniani kote, na wewe mwenyewe unaweza kuuvunja. Toleo la kwanza uliliweka wazi Ipuli milango ikiwa wazi, kisha ukalirusha kwa watu zaidi ya 200. Marekani inampa mvumbuzi miezi 12 tangu alipotangaza mwenyewe. Ulaya inasamehe maonyesho rasmi ya kimataifa yaliyo chini ya mkataba wa mwaka 1928, na Nanenane si mojawapo. Usijenge mpango wa biashara juu ya msamaha wa namna hiyo. Kabati la trei 12 lenye feni moja lihesabu kuwa ni mali ya umma. Hujapoteza kikubwa, kwani vikaushio vya jua vya namna hiyo vipo vingi.

Toleo la pili bado linapumua, ila lina matundu mawili. Tundu la kwanza ni wale akina mama. Mtu anayejaribu kifaa huku amekubali kutunza siri si umma, lakini asiyefungwa na chochote anahesabika kuwa umma. Anayesimama karibu na mashine anasikia feni ikigeuka, na akichungulia anaziona sensa mbili. Asichokiona ni kanuni iliyo ndani ya kontrola. Andika karatasi ya Kiswahili chepesi: mashine ni ya majaribio, inabaki mali yako, hawatairuhusu kufunguliwa, kupigwa picha wala kuelezwa kwa wengine mpaka utakapowaruhusu, na wao wanapata kuitumia bure. Wasomee wenyewe, wasaini au waweke dole gumba, kila mmoja abaki na nakala. Siku za mbalamwezi, mitumbwi inapolala na mwaloni hauna haraka, ndizo siku za kazi hiyo. Ujue tu kwamba karatasi ya leo haifuti kilichoonekana tangu Oktoba. Ndiyo sababu maombi yako hayana muda wa kusubiri.

Tundu la pili ni kubwa zaidi, na ni afadhali ulisikie kwetu kuliko kwa mkaguzi wa hataza. Kugeuza mwelekeo wa hewa peke yake si jambo jipya. Matanuri ya kukaushia mbao yana feni zinazogeuzwa kila baada ya muda, kwa sababu ile ile uliyoigundua: upande hewa inakoingilia hukauka kwanza. Kwa hiyo uhai wa uvumbuzi wako, kama upo, uko kwenye kigezo kinachoamuru feni igeuke na namna ulivyokifunga na joto la jua lisilotulia.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta. Hifadhidata tatu ni bure: Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, Patentscope ya WIPO (shirika la dunia la miliki bunifu), na Google Patents. Usitafute kwa maneno tu, maana anayeandika Kichina hasemi dagaa. Tumia namba za uainishaji wa kimataifa: F26B 3/28 kwa ukaushaji kwa mionzi kama ya jua, F26B 21 kwa udhibiti wa hewa ndani ya vikaushio, A23B 4/03 kwa ukaushaji wa nyama na samaki. Changanya namba hizo na maneno ya unyevu na kugeuza mwelekeo. Jipe siku tatu. Kila hati inayokaribia, andika inafanana na mashine yako wapi na inatofautiana wapi. Jedwali hilo litampunguzia wakala wa hataza kazi, na wewe gharama. Ukiikuta kanuni yako yote mle, umeokoa milioni tatu.

Usipoikuta, nguvu zote ziende kwenye madai, yaani sentensi zinazotaja hasa unachotaka kilindwe. Hapo ndipo hataza nyingi za wabunifu wetu hufia. Maombi yana fomu, maelezo ya uvumbuzi, madai, michoro na muhtasari, lakini kinachochora mpaka wa shamba lako ni madai peke yake. Chukua dai hili, ambalo ndilo mtu angeliandika akiitazama mashine yake: "Kikaushio cha dagaa chenye kabati la bati, trei 12 za wavu, paneli ya sola, feni ya volti 12, na sensa mbili zinazogeuza feni unyevu ukitofautiana." Ili mtu ahesabiwe amekuingilia, mashine yake lazima iwe na kila kilichotajwa. Fundi wa Mwanga akitumia trei 10, au kabati la mbao, ametoka nje ya uzio wako bila kuvunja sheria.

Linganisha na hili: "Kifaa cha kukaushia chakula, chenye chumba, njia ya kupitishia hewa iliyopashwa moto, angalau kipimo kimoja cha unyevu katika kila upande wa mkondo wa hewa, na kidhibiti kinachogeuza mwelekeo wa mkondo huo tofauti kati ya vipimo ikifika kiwango kilichowekwa." Trei hazimo, bati halimo, dagaa hawamo. Hata neno feni halimo, kwa sababu mwingine atageuza hewa kwa vizibo huku feni ikizunguka upande ule ule. Chini ya dai hilo pana unaweka madai madogo yanayolitegemea: kwamba chakula ni samaki, kwamba joto ni la jua, kwamba kiwango ni kati ya kadha na kadha. Mkaguzi akiliangusha lile pana, madogo yanaweza kubaki yamesimama.

Maelezo nayo yatoe yote: vipimo vya kabati, kiwango ulichoweka, saa za kukausha ndoo moja siku ya jua na siku ya mawingu, na mbadala zote unazoweza kufikiria, kama feni mbili badala ya moja, mkaa mbadala badala ya jua, muhogo na mboga badala ya dagaa. Jambo usiloliandika siku ya kuwasilisha huliongezi baadaye. Wengi wanaandika maelezo kama tangazo, "inakausha haraka na kwa ubora", wakificha namba wakiogopa kuibiwa. Hataza ni mapatano: unaufundisha umma namna ya kukitengeneza, unapewa haki ya kuwazuia wengine kwa muda usiozidi miaka 20. Usipofundisha, hakuna mapatano. Na kama kiwango chenyewe ni kitu ambacho hakuna atakayekigundua kwa kuifungua mashine, kukiacha kuwa siri ya biashara badala ya kukiombea hataza ni njia halali. Maombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza katika mifumo ya ARIPO (shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika) na PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza), na siri iliyochapishwa hairudi.

Kuhusu njia za kuwasilisha: kwa Tanzania Bara ni BRELA, na maombi unayatuma kwa mfumo wao wa mtandao ukiwa hapo hapo Kigoma. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA. ARIPO ya Harare inakuwezesha kwa maombi mamoja kutaja nchi nyingi wanachama, Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia zikiwemo, na unaweza kuyapitishia BRELA. Sasa simama ufukweni utazame soko lako. Ng'ambo kuna Kalemie na Uvira, kaskazini Bujumbura. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo ARIPO wala kwenye PCT. Zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Paris wa kulinda miliki ya viwanda, kwa hiyo njia ni moja: unawasilisha moja kwa moja katika kila nchi, kwa Kifaransa, ndani ya miezi 12 tangu maombi yako ya kwanza. Mshauri wa Dar anayezoea wateja wa Nairobi anaweza asilikumbuke hili. Mkumbushe.

Miezi 12 hiyo ndiyo nafuu yako kubwa. Tuseme unawasilisha BRELA tarehe 15 Januari 2026. Mpaka 15 Januari 2027 unaweza kwenda ARIPO, PCT, Burundi na Kongo ukidai tarehe ile ile ya kwanza, hata kama katikati mtu ameshaiga. Ukipitia PCT, kwa nchi nyingi uamuzi wa kuingia nchi moja moja unasogea hadi miezi 30, yaani 15 Julai 2028, na mwombaji wa Tanzania, kwa kuwa nchi yetu iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, anapunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya kuwasilisha. Siku ya mwisho ikipita, haki hiyo imepita. Iandike ukutani.

Kwa hiyo ile milioni tatu tungeigawa hivi: sehemu kubwa kwa mtu anayejua kuandika madai, kwa maombi mamoja ya BRELA yaliyoandikwa vizuri; sehemu ndogo kwa alama ya biashara na wakili wa ile hati; kinachobaki kwa mashine. Usiende nchi saba kwa fedha zako. Nchi nyingine ni kazi ya fedha za mwekezaji, na nafasi ya kwenda huko unayo ndani ya ile miezi 12. Hataza haina askari wa doria. Inakupa haki ya kushtaki kwa gharama zako, na mpaka itolewe, maombi peke yake hayakupi hata hiyo. Mafundi wa kuchomelea watakapoanza kuiga, kitakachokusaidia mapema ni kontrola iliyofungwa isisomeke, mashine nyingi sokoni kabla yao, na jina ambalo mama akiliona analiamini.

Jina, basi. Ulichosajili ni jina la biashara, na hilo halimzuii mtu kubandika "Dagaa Safi" kwenye mashine yake. Kinachozuia ni alama ya biashara, usajili mwingine kabisa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ingawa ofisi ni hiyo hiyo ya BRELA. Tena "Dagaa Safi" inaeleza bidhaa yenyewe, na maneno ambayo kila mwuza dagaa anayahitaji hayapewi mtu mmoja. Tafuta neno la kubuni, lijaribu kwa Kiha na Kifaransa lisije likawa na maana mbaya ng'ambo, litafute kwenye rejista, kisha liombee daraja la 11 kwa mashine za kukaushia na la 9 kwa programu ya simu. Likikubaliwa linatangazwa, watu wana siku 60 za kupinga. Usajili wa kwanza ni miaka 7, baadaye unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukiwa na cheti hicho, bidhaa bandia zikitokea unaweza kulalamika Tume ya Ushindani.

Jina la biashara lina kasoro nyingine inayogusa mkataba wako moja kwa moja: halina hisa. Asilimia 25 anayoitaka mwekezaji ni ya nini? Fungua kampuni kwanza, wewe uhamishie haki zako humo kwa hati, rafiki yako ahamishie zake humo, ndipo kuwe na kitu cha kugawa. Milioni 60 kwa robo ina maana kampuni yote, fedha zake zikiwemo, imepewa thamani ya milioni 240. Hiyo ni bei ya kampuni yenye haki safi. Ukiingia bila hati ya rafiki yako, halafu akaja kudai, anayekatwa hisa ni wewe.

Kile kifungu cha kuhamishia haki nje usikisaini kilivyo. Kampuni mama ya nje si kosa, wawekezaji wengi huipenda, lakini jiulize: katika kampuni hiyo wewe una hisa ngapi? Kama zako ziko kwenye kampuni ya Kigoma na uvumbuzi uko kwenye kampuni yake, umebaki na kabati la bati. Dai hisa zako ziwe kule kule haki zinakokwenda. Dai pia haki zihame kadiri fedha zinavyoingia, na zirudi zisipokamilika au kampuni ikifilisika. Vinginevyo mpe leseni: andika ni nchi zipi, kwa muda gani, ni ya kwake peke yake au la, anaruhusiwa kuikodisha kwa wengine au la, na malipo kwa kila mashine. Wawekezaji wengi hukataa kusaini mkataba wa siri kwenye mazungumzo ya mwanzo, na si ubaya. Mwonyeshe dagaa walivyokauka, mwonyeshe saa na hesabu. Kanuni ya kontrola isubiri mpaka maombi yawe na namba.

Kuhusu video: usiifute. Kuifuta hakuwaondolei wale 200 walichokiona, na huenda baadhi wameshaihifadhi. Ipakue, itunze pamoja na tarehe ya kurushwa na picha za Ipuli, umpe wakala wa hataza. Ndiyo itakayomwonyesha mahali toleo la kwanza linapoishia, na kwamba mle ndani kulikuwa na feni moja, upande mmoja, bila sensa hata moja.